Ufunguo wa Marehemu Dada Yako

Mkuyuni

Shemeji yangu mpendwa Kondradi,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Turiani, na uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Huku ukungu haujaachia milima. Jana sokoni watafiti wawili wa chuo walinihoji. Wa kwanza, anayechunguza samaki wa baharini, aliuliza tu kama ninakula dagaa. Mwenzake anachunguza upweke wa wazee.

"Babu, ukizidiwa usiku, nani ataingia ndani?"

Nikatania, "Panya."

Hakucheka, akaandika. Tangu hapo nimeingiwa na hofu, kwani kila jioni najifungia, na funguo zote mbili ninazo mimi.

Samahani kwa kukutwisha mzigo huu. Wasalimie wanao. Mleta kadi hii ni Mama Leokadia, muuza karoti. Amebeba pia ufunguo wa marehemu dada yako. Nakusihi uupokee.

Shemeji yako,
Benedikti