Programu ya Dawa Ilipofika Rumangabo

Mujukuu wangu Masika,

Nakusalimia toka Mapendo, hapa Goma. Sisi wote tuko wazima, na dada yako mudogo ameanza kutembea. Umeniuliza: programu yako inatembea kwenye kompyuta zingine na kukataa kwa zingine, uanzie wapi?

Mimi koko yako nilipewa kazi kama hiyo nikiwa bado mama kijana. Tulipaswa kuweka programu ya kuandikia dawa katika vituo vyetu vyote vya afya, na kila kituo kilikuwa na mashine, yaani kompyuta, za namna yake, zawadi za watu mbalimbali. Shefu alitaka tuanze na mashine mupya za biro, ofisi yetu kubwa hapa Goma.

Nikamwambia, "Papa, hizo zina kila kitu ndani, zitatudanganya. Tuanze na ile iliyozeeka kuliko zote."

Alicheka, lakini akaniruhusu. Mashine hiyo ilikuwa katika kituo cha Rumangabo, kwa muuguzi aliyeitwa Mama Kahindo. Kila mara programu ilipokataa, nilitafuta kipande kinachokosekana, nikakitia ndani ya CD ileile, nikaanza upya.

Mama Kahindo aliniletea chai. "Usichoke, mutoto wangu," akasema. "Sisi vitu hutufikia vikiisha kuzeeka."

Mwishowe ikafunguka. Akaandika jina la dawa kwa kidole kimoja, akapiga vigelegele hadi wagonjwa wakaingia kuona. CD ile haikukataliwa na kituo chochote baadaye. Lakini siku ile, mbele yangu, Mama Kahindo alipigia biro ya Goma simu:

"Papa shefu, programu yenu imefika? Yetu inatembea!"

Fahari yake ingali moyoni mwangu. Mungu akushike mukono.

Koko yako, Kavira