Mikono ya Hippolyte Chini ya Kitambaa

Jumatatu, 3 Februari 2003

"Mashini haiko na kabila. Kama liste inakataa kufunguka, ni Hippolyte aliifunga na roho mubaya." Lambert, mwenyekiti wetu, leo mbele ya komite nzima ya parokia. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili haizaliwi na ya kwanza! Nilimwambia hivyo. Akacheka: "Mama Adèle, weye kila siku ni procès, kesi tupu."

Liste hiyo ni orodha ya watoto 312 waliopotezana na wazazi wao tangu mapigano ya Bambu. Hippolyte ndiye aliyeipiga chapa yote kwenye mashini, kompyuta ya parokia. Ijumaa akaiwekea neno la siri, tena kwa amri ya Lambert huyohuyo, ili wenye silaha wasiisome. Jumamosi neno likakataliwa. Hippolyte alituandikia neno hilo kwenye karatasi bila kusita. Bado likakataliwa.

Na yeye ni wa upande ule, wa kabila linalopigana na letu. Lambert anataka atoke uwanjani kwetu Ijumaa hii. Hatua mia mbili kutoka langoni kuna barrière, kizuizi cha wenye silaha wanaouliza kabila. Sote tunajua maana yake. Lambert amefunga biro, ofisi yenye mashini, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda mtaa wa Saio kwa fundi Kule, anayetengeneza redio na ordinateri. Ana mashini nzee kama yetu, ya skrini nyeusi, anaiwasha kwa betri ya gari.

Ukibonyeza kitufe, mashini inakatizwa kazi yake, kama kupigiwa hodi. Kitufe hakipeleki herufi — kinapeleka namba tu! Kiprogramu kidogo cha Kifaransa, kinachoingia wakati wa kuwasha, ndicho kinachoipa namba jina. Kisipokuwepo, mashini inasoma Kimarekani: A inakuwa Q. Kilichochorwa juu ya kitufe hakijui lolote. Kule alibonyeza vitufe vitatu pamoja, Kifaransa kikanyamaza. Vitatu vingine, kikarudi.

Nimerudi kwa miguu, polepole. Namba inafika, mwingine anaipa jina. Pale barrière pia mtu anafika na uso wake tu. Na mimi? Miaka ishirini ya vikaratasi vyangu vikali vya kulaumu watu mbele ya komite — nimewapa wangapi jina?

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata! Nilimuuliza Hippolyte nani alitumia mashini kabla yake ile Ijumaa. Akainama. "Président. Alikuwa anacheza karata."

Karata! Lambert aliwasha mashini kwa disketi yake mwenyewe ya mchezo. Nikakimbia kwa Kule. Alicheka mpaka akakohoa: "Ile diskette ni miye nilimutengenezea, Mama. Kifaransa sikutia, nafasi ilikuwa kidogo."

Basi Hippolyte aliketi bila kuizima kwanza. Naye haangalii vidole: masista wa Mahagi walimfundisha kupiga mashini na kitambaa juu ya mikono. Ndiyo fahari yake. Na neno la siri kwenye skrini ni nyota tupu. Kisha jenereta ikazimika. Jumamosi mashini ikawaka bila disketi, na Kifaransa chake. Vidole vilevile, herufi nyingine.

Kwa nini hakusema habari ya karata? "Mama, mutu kama miye ashitaki président? Wangenitupa inje siku ile ile."

Ijumaa, 7 Februari

Naandika kwenye benchi, mlangoni pa biro. Hippolyte kando yangu, mfuko wake tayari umefungwa. Nimewaeleza wanakomite yote, hata karata. Lambert: "Hatagusa tena ile mashini. Ataifuta liste yote." Godelive wa komite anatazama viatu vyake. Étienne, naye wa komite, ameshika kidumu cha mafuta ya jenereta, hajui akipeleke wapi. Priscille wa Bambu, anayekuja kila asubuhi kuuliza kama mtoto wake yumo, amefungua kitenge chake: "Kama ni kitambaa munatafuta, ni hiki."

Hakuna anayesogea. Nasimama sasa, na nitasema hivi tu:

Étienne, tia mafuta. Godelive, mwambie Lambert atoe ufunguo — weye anakusikia. Lambert, vitufe vitatu, kitenge juu ya mikono, mara moja tu, mbele yetu sote. Mkikataa, basi ninyi watatu msindikizeni wenyewe mpaka barrière, na pale, kwa midomo yenu, mtajeni jina la kabila lake.