Mikeka ya Msiba Wako

Mtaa wa Kasingirima,
Ujiji, Kigoma.
12 Septemba 2024

Mpendwa Dada Hasna,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu. U hali gani huko Maskati? Ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona? Na joto, bado linawapika au limeanza kupungua? Mimi ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu, isipokuwa mafua ya vumbi la kiangazi, ambayo unajua hayajawahi kuniacha tangu utoto.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi za simu. Nimefanya makusudi. Tangu baada ya Idi ujumbe ninaokutumia unafika lakini hausomwi. Basi Shadya wa Bi Mwanne anarudi huko kazini, nimemkabidhi barua hii pamoja na dagaa wa Katonga, wale wakavu wasio na mchanga, na nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Akuone kwa macho yake. Barua ya mkononi huwezi kuisingizia mtandao.

Kazi ipo. Bado natunga muziki wa tamthilia na filamu, na bado hapa mtaani hakuna anayeelewa ni kazi gani. Wananiuliza nipo bendi gani, mbona hawanisikii redioni. Nikiwaeleza kwamba mtu akilia kwenye televisheni, ile ala inayolia naye chini chini ndiyo mimi, wanaitikia kwa adabu, kisha wananiuliza nitaoa lini. Jina langu hupita mwishoni, mbio mbio, watu wameshainuka kwenda kupakua chakula.

Studio ni chumba cha mama. Nimeegemeza magodoro ukutani na kutundika kanga zake mlangoni ili sauti isirudi. Anatoli, mwongozaji wetu aliye Dar es Salaam, hunitumia vipande vya picha kwa mtandao, nami hushinda humo na watu wasionijua. Nawajua waigizaji wale kuliko majirani: yupi hupepesa macho kabla ya kulia, yupi anajilazimisha. Kuna asubuhi hujikuta nimewasalimia. Usicheke, dada. Tangu ilipopita arobaini ya mama, nyumba hii nasikia nyayo zangu tu.

Sasa nikupe kisa cha wiki iliyopita, maana kinakuhusu. Kwenye tamthilia kuna mama anayepigiwa simu kuwa bintiye amefariki ughaibuni. Anatoli akaniambia hataki kinanda pale, anataka sauti ya mtu inayolia bila maneno. Mwimbaji sina, nikaamua kulia mwenyewe, kwa sauti hii ambayo mama aliifananisha na kuku aliyekanyagwa. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta inakwenda kwa betri, feni imelala. Joto likanishinda, nikafungua dirisha. Nikalia, sikuridhika. Nikarudia, na kurudia, alasiri nzima.

Nilipotoka kutafuta maji ya kunywa nikakuta viatu vimejaa mlangoni.

Dada, mikeka ilikuwa imetandikwa sebuleni hadi barazani. Wanawake wamejitanda kanga, nje mtu anapanga mafiga, na Mzee Musa ameshatuma watu wakalete turubai. Bi Mwanne akanikumbatia akilia: "Mwanangu, pole! Hasna wetu jamani! Wamekupigia saa ngapi?" Yeye kila siku huniuliza habari zako, na kila siku humjibu kwamba bado. Aliposikia kilio, akajumlisha mwenyewe.

Nilipaswa kusema pale pale kwamba ni tamthilia. Sikusema. Nilikaa kwenye mkeka, Bi Mwanne akanishika bega, mtu akaniletea maji, na kwa kitambo kile nyumba ilikuwa na watu. Halafu, nikwambie ukweli, nilitaka kuwaapia kwamba u mzima, nikajiona sina cha kuapia. Hapo ndipo nilipolia kilio changu mwenyewe, na kilikuwa hakina sauti kabisa.

Mwishowe niliwaeleza. Wengine walicheka. Mzee Musa akafyonza: "Hamdani, msiba haufanyiwi mazoezi!" Bi Mwanne peke yake hakucheka. "Basi mpigie," akasema, "tumsikie." Nikapiga, nikaweka spika ili wote wasikie. Simu ikaita, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, vile vile. Waliocheka wakaacha. Wakaaga mmoja mmoja kwa sauti ya chini, wakinipa pole, na sikujua niipokee au niikatae.

Kumbe muda wote huo kompyuta ilikuwa inarekodi. Zimo sauti za viatu, za wanawake, na Bi Mwanne akiliita jina lako kutoka mbali. Anatoli nilimtumia kipande bila kukisikiliza vizuri, akanipigia akisema sijawahi kumpa kitu kama hicho na anakitaka kama kilivyo. Nimemwambia asubiri. Miaka yote nimetafuta sauti ya namna hiyo, na sasa ninayo, lakini siwezi kuitangaza nchi nzima kabla sijajua kama uko salama. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo atampa mtunzi mwingine kazi.

Kama kinachokunyamazisha ni kuona haya kwa sababu hukuwahi mazishi ya mama, acha, dada. Tunajua tajiri wako alikunyima ruhusa. Hapa hakuna anayekulaumu, mimi hata kidogo. Kama ni ugonjwa au shida kazini, mwambie Shadya, atanifikishia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi naogopa mshindo huo.

Verediana wa Kalinzi anakusalimu, bado anatuletea ndizi zake. Mzee Musa anakusalimu, hasira zimemwisha. Bi Mwanne hakutoa salamu. Amesema salamu hupewa mtu anayejibu. Siku ile wenzake walikunja mikeka yao wakaondoka nayo, wake akauacha katikati ya sebule, akaniambia atakuja kuukunja siku atakaposikia sauti yako. Kila nikipita nauzunguka.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na atukutanishe tukiwa hai. Piga, dada, hata kama ni kunigombeza. Piga, Bi Mwanne aje achukue mkeka wake.

Nduguyo asiyechoka kukupenda,
Hamdani