Jeshi la Sita la Babu Balagizi

Highview, Louisville
Tarehe 3 Februari 2025

Mpendwa yaya Nshombo, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi toka kwetu. Natumaini theluji ya Buffalo imewaachia njia, na magoti yako yamepunguza maumivu. Shemeji Kostansia anaendeleaje na kazi ya kutunza wazee? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe.

Sasa nisikilize, kwa sababu simu zangu hupokei na nimechoka.

Shuleni Josiane wangu aliambiwa achague jeshi moja la vita vikuu, aeleze historia yake. Akachagua Jeshi la Sita la Ufaransa. Sababu ni wewe. Kila mwaka ukoo wetu tukikusanyika mjini Whitehall kukumbuka wazee wetu, unasimama, unakohoa, unasema babu Balagizi alikuwa askari wa jeshi hilo. Mtoto alisoma wiki tatu: mto Marne mwaka 1914, Somme, Chemin des Dames, hadi kushindwa kwa 1940. Wafaransa wale anawajua kuliko majirani zetu. Na babu yetu, Josiane akamweka Chemin des Dames, pamoja na askari Wasenegali wa Ufaransa.

Mwalimu akauliza kwa upole: Mkongo wa Kivu, chini ya Mbelgiji, alifikaje huko? Donc, basi, nikakuomba kile kikaratasi cha kazi cha babu unachokitunza. Ulinizungusha siku kumi, kisha ukatuma picha bila hata neno moja.

Yaya, Kifaransa ulinifundisha wewe mwenyewe. Pameandikwa porteur, mpagazi, mwaka 1916, njia ya Tabora, kundi la sita. Sita yako ndiyo hiyo. Babu aliwabebea Wabelgiji mizigo. Ulisoma, ukajua, ukanyamaza. Hilo ndilo linaniuma.

Josiane amefuta ukurasa wa babu, amebakiza Wafaransa peke yao. Nilimwambia amrudishe. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba babu wa uongo hamtaki.

Bon, aibu ya nini? Mimi nabeba makartoni kwenye depo ya South End masaa kumi kila siku, na sijawahi kukuficha. Babu alitembea mpaka Tabora na mzigo kichwani, akarudi nyumbani, ndiyo maana tupo.

Mwalimu amempa mtoto mpaka tarehe 21 amalize kazi. Mpigie Josiane, umwambie wewe, kwa mdomo uleule. Na mwezi wa nne, ukisimama Whitehall, sema alibeba. Josiane atakuwa amekaa mbele yako, anasikiliza.

Nisalimie Kostansia, Gaël na mama Clémence, wote hapo kwenu. Mungu awashike mkono kwenye barafu hiyo.

Wako akupendaye, na hasira bado haijaisha,
Laurentine