Nukta Si Jina

Alhamisi, 29 Desemba 2016

Laptopu imejiharibu yenyewe. Naandika "yenyewe" kwa sababu sijapata mtu wa kumsingizia.

Asubuhi nilikwenda nayo Katesh kutafuta intaneti. Nilitaka programu moja tu, ndogo, ya kuchezesha ile video ya shule isikatekate. Nikakaa kwenye gesti yenye waifai, nikaagiza chai. Mashine ilipoonja intaneti haikunijali tena. Ikaanza kushusha apdeti za miaka yake yote, ikaandika nisiizime. Sikuizima. Nikanywa chai ya pili na ya tatu. Ilipowaka tena kila kitu kimekuwa kikubwa — herufi kama za ubaoni darasa la kwanza, watu wametanuka mashavu. Mwanga umekwama juu, haupungui. Video yenyewe inaruka. Matroni anafungua mdomo, anaufunga, ndipo maneno yake yanakuja.

Jioni nikachomeka projekta ya parokia. Ukutani bluu tupu. Projekta inasema haioni laptopu, laptopu inasema haioni projekta. Waya ni mmoja, na umechomekwa pande zote mbili. Nimeangalia.

Baba mkwe akauliza kama picha iko tayari. Nikasema bado kidogo.

Yote haya ni kwa ajili yake. Sara wangu amechaguliwa kidato cha kwanza, bweni, kule Mbulu. Baba yake alikubali, kisha akaondoka na ng'ombe kufuata majani upande wa Singida, akaniachia mzee. Mzee hakukataa. Alisema tu kwamba hapeleki mtoto mahali ambapo hajaona uzio wake. Mguu wake haufiki Mbulu. Macho yameingia ukungu, kwenye simu haoni kitu. Basi nikaenda mimi, na kamera ya parokia, nikapiga kila alichotaka: uzio, geti, mlinzi wa geti, vitanda, tangi la maji, Matroni Agatha. Kamera nilisharudisha, na kadi yake wamesharekodia ubatizo. Video iko ndani ya laptopu tu. Mzee ataiona ukutani, kubwa, au hataiona. Shule inafunguliwa tarehe tisa. Asipoona, Sara haendi.

Ijumaa, 30 Desemba 2016

Mtandao wa simu hapa nyumbani unashika mahali pamoja: mlangoni mwa zizi, ukipanda juu ya jiwe. Na mlangoni mwa zizi ndipo baba mkwe anapokaa na kigoda chake. Kwa hiyo ugonjwa wa laptopu umekuwa wa ukoo mzima.

Nimempigia Basili, fundi wa kompyuta pale Katesh. Kijana wa Bashay, Mwiraqw, mpole, anajibu kila kitu na "sawa mwalimu" hata kama si sawa. Anasema iliyokufa ni draiva ya picha — ile programu inayoielekeza mashine namna ya kutumia kioo chake. Apdeti imeiondoa ya zamani na kuweka ya kubahatisha, ambayo inawasha kioo basi, projekta haiijui. Waliotengeneza hicho kifaa cha picha waliacha siku nyingi kushughulikia mashine za umri huu.

Akaniongoza kwa simu. Fungua hapa, shuka chini, tafuta alama ya njano ya mshangao. Nikaipata. Kumbe ilikuwepo siku zote inashangaa peke yake. Sasa bonyeza kitufe cha kurudisha draiva ya zamani. Kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Nikamwambia. Akasema sawa mwalimu, kwa sauti ya daktari.

Baba mkwe akaniuliza mashine ilikula nini mara ya mwisho kabla ya kuugua. Nikasema intaneti. Akasema basi isipelekwe huko tena. Sauti ileile anayotumia kwa ndama.

Jumapili, 1 Januari 2017

Mwaka mpya. Baada ya ibada nikaifuta draiva kama Basili alivyosema, nikawasha upya, mashine ijitafutie nyingine. Ikajitafutia ileile. Nikafuta tena. Ileile.

Kila ikiwaka inataka paswadi. Baba Sara ndiye aliyeiweka siku alipoinunua laptopu kwa mtafiti aliyekuwa anahama. Akaweka jina la baba yake, kwa fahari, na saba mwishoni. Hakufikiria kwamba mtumiaji ni mimi. Kwetu Wabarabaigi, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe mpaka anazikwa, na likitajwa, akiweza, anaziba masikio. Hata darasani nina mtoto wa la tatu mwenye jina hilo, namwita "wewe wa dirishani". Nilishamhamishia mlangoni, bado ni wa dirishani. Baba Sara nikimwambia abadilishe paswadi anacheka, anasema kesho.

Lakini kuiandika, kosa sina. Nilifundishwa kwa vidole, alibonyeza yeye nikatazama. Na kwenye kioo zinatokea nukta tu. Nukta si jina. Jambo hili nimelifikiria miaka na sijamuuliza mtu yeyote, maana nikiuliza nitajibiwa.

Jumanne, 3 Januari 2017

Basili ametuma flashi kwa bodaboda, ndani kuna draiva mbili za zamani. Ya kwanza nikaiweka — kioo cheusi, kimebaki kimshale tu kinatembea gizani. Nikapanda jiwe. Basili akasema niizime kwa nguvu, niwashe, niizime tena, mpaka itambue yenyewe kuwa inaumwa. Sijawahi kumfanyia hivyo kiumbe yeyote. Ikatambua.

Ya pili akaniambia niiweke kwa kuidanganya mashine kwamba bado ni ya zamani. Nikaidanganya.

Imekubali! Herufi zimerudi ndogo. Mwanga unapanda na kushuka. Nikachomeka projekta, nikafunga madirisha, na uzio wa shule ukaja ukutani kwangu, nguzo kwa nguzo, na geti, na yule mlinzi anapiga saluti bila kuombwa. Sara akatazama kitanda kile cha juu, akasema hicho ndicho anachotaka. Nikakaa chini nikalia. Si sana.

Mzee hayupo. Amekwenda kikao cha wazee, anarudi Alhamisi. Basi Alhamisi.

Alhamisi, 5 Januari 2017

Mimi ni mjinga. Niandike hivyo na niendelee.

Mchana mwalimu mkuu, Maximilian, alinipigia anataka takwimu za darasa langu kwa barua pepe, leo, wilayani wanasubiri. Nikapeleka laptopu pale kwenye jiwe, nikaiunganisha na intaneti ya simu. Dakika chache tu, nikajisemea. Takwimu zimekwenda. Na mashine nayo ikaona fursa. Nilipoona herufi zinavimba nikachomoa kila kitu, hata visivyohusika. Nimechelewa. Draiva mpya imerudi, na ujumbe wa kunipongeza kwamba sasa niko salama.

Jioni mzee akarudi. Akaoga, akavaa shuka lake jekundu la safari, akaingia ndani kwangu na kukaa mbele ya ukuta. Yeye! Kwa desturi haingii humu. Mikono juu ya fimbo, anasubiri. Ilibidi nimwambie.

"Uliipeleka huko tena," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikasema ndiyo, baba. Akainuka taratibu. Akasema mtoto atangoja mpaka mashine ipone, kama ni mwaka huu, kama ni mwakani. Hana hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo, ningejua pa kuanzia kumwomba.

Sara amesikia. Hajala.

Ijumaa, 6 Januari 2017

Nimeipeleka mwenyewe Katesh. Basili anasema ataweka draiva ya zamani, kisha atafunga mlango wa apdeti kabisa, isije ikajilisha tena. Nikamwandikia paswadi mwenyewe, nukta, nukta, nukta, ikafunguka. Hapo umeme ukakatika mji mzima, na betri ya laptopu haikai. Akasema niiache, kesho ataimaliza. Akaniuliza paswadi, kama itahitajika.

Nikasema haitahitajika.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Dukani kulikuwa na watu, na nilikuwa nimechoka kueleza mambo yetu kwa watu.

Jumamosi, 7 Januari 2017

Mvua usiku kucha. Korongo limejaa, bodaboda hazivuki. Simu ya Basili haipatikani, umeme wa Katesh haujarudi.

Sara amepanga tranka lake, amelipangua, amelipanga tena. Katekista Nikolausi ametuma mtu kuulizia projekta. Nimemwomba mpaka kesho jioni.

Jumapili, 8 Januari 2017

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini. Jambo bado halijaisha.

Basili alipiga baada ya ibada. Nikapanda jiwe. Mzee kwenye kigoda, Sara amesimama kando yangu ameshika mwamvuli. Habari nzuri: umeme umerudi usiku, draiva imekaa, apdeti amezifunga. Na kuna trekta la kubeba mahindi litavuka korongo alasiri, dereva amekubali kuleta mzigo. Imebaki kitu kidogo. Baada ya kuweka draiva mashine ilijizima na kuwaka, inataka paswadi, na asipoingia kumalizia, kioo kitarudi kulekule.

"Nitajie mwalimu, naandika."

Nikasema siwezi. Akasema hatamwambia mtu. Nikasema si hiyo. Nikashusha sauti, nikamweleza ni jina la nani. Kisha akasema aah. Watu wa Bashay wanatujua.

Akasema nitume meseji. Nikaanza. Lakini kwenye simu hakuna nukta. Herufi ya kwanza ilisimama pale wazi, kubwa, inanitazama. Nikaifuta. Kidole kilikataa kabla yangu.

Basi Basili akapata wazo: yeye atataja majina, akipatia niseme. Akaanza. Akonaay. Tluway. Margwe. Yote ya kwao, ya Kiiraqw, hakuna Mbarabaigi hata mmoja. Lakini nikaisogeza simu mbali na sikio, isije ikatokea akapatia. Akawa anayaandika na humo kwenye mashine, yote, na mashine ikachoka naye ikajifunga. Ikamwambia asubiri.

Sara akasema, "Mama, nipe niseme mimi." Kweli, mtoto hazuiwi, ni babu yake. Nikanyoosha simu nimpe.

Mkono wa mzee ukafika kwanza. Nilidhani Kiswahili chake ni cha mnadani tu, bei na rangi za ng'ombe. Kumbe amefuata kila neno tangu Desemba.

"Lete," akasema. "Jina ni langu."

Nikaziba masikio nikaenda upande wa pili wa zizi. Mke wa shemeji alikuwa anakamua, naye akaacha akaziba. Ng'ombe akamgeukia. Nilichoona ni mgongo wa mzee umenyooka, na mdomo wake unakwenda muda mrefu. Sara ananiambia alianza na lake, akaendelea na la baba yake na la babu yake, kama mwanamume anavyojitambulisha ugenini, mpaka Basili akamsihi kwa adabu kwamba la kwanza linatosha.

Nilipoitwa nikarudi kumalizia nilichoweza: herufi kubwa mwanzoni, saba mwishoni. Tukangoja mashine ijifungue. Kisha Basili akasema imeingia. Dakika chache anaipakia kwenye trekta.

Mzee hakunirudishia simu. Aliishika tu. Akamuuliza Sara huko shuleni watamwita nani.

"Majina matatu, babu. Langu, la baba, na lako."

"Kwa siku moja tu?"

"Kila asubuhi. Wanaita, naitika."

Akafikiri. Kisha akanigeukia mimi, na haya ndiyo niliyokuja kuyaandika. "Kumbe wewe hujawahi kumwita mtoto wako jina lake lote."

Nikasema hapana, baba. Kliniki nilitoa kadi wakasoma wenyewe. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza nilimsukuma Sara mbele akajitaja. Niliona ni jambo la kawaida, na ni la kawaida.

Aliinuka, akaja mpaka ndani kwangu, mara ya pili wiki hii. Shuka jeupe nimeshalitundika ukutani. Hakutaka kiti. Amekalia tranka la Sara. Hajasema Sara ataenda, hajasema hataenda. Kwa hiyo tranka haliwezi kutoka bila yeye kuinuka, na projekta inadaiwa jioni, na trekta silisikii bado.

Amemwambia Sara asimame pale uani, penye zizi, aonyeshe watakavyomwita. Sara amesema, taratibu, anaona aibu. Mzee amesema hasikii. Shule ina uzio mkubwa, amesema, sauti ifike getini. Rudia.

Anarudia sasa. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeziba sikio. Lile jingine liko wazi.