Ramani Yangu Imepita Jikoni kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri wetu Shangazi Zeituni, naomba msaada wako na naomba uharakishe, kwa sababu mwisho wa mwezi huu nitapewa tuzo mbele ya watu na sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoiogopa tuzo hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa mipango ya miji, mwaka wa mwisho, na kwetu ni hapa Kisumu, mtaa wa Manyatta, na likizo iliyopita niliandika utafiti kuhusu njia za mtaa wetu, kwa sababu siku duka moja la mafuta ya taa lilipowaka, gari la zimamoto lilikwama kwenye njia ya kuingilia likabaki kupiga king'ora huku sisi tukizima kwa ndoo na karai, basi nikaona njia ile ikipanuliwa kidogo gari litapita, nikaazima tepu chuoni nikaanza kupima, na utafiti huo ndio umeshinda tuzo ya utafiti bora wa wanafunzi.

Sasa sikia balaa lilipoanzia. Mahali njia inapobana kabisa pana hoteli ya Mama Beldina, anayeuza chapati na samaki wa kukaanga, na jiko lake limetoka nje mpaka karibu katikati ya njia, nami siku ya kupima sikuwa na mtu wa kunishikia ncha ya pili ya tepu, binti yake Awuor, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Nyamasaria, akaja akaishika, tena akaishika vizuri sana, tukapima jiko, tukapima ukuta, nikajikuta napima hata vitu visivyohitaji kupimwa, na Mama akaniletea chapati akaniuliza, "Wewe ndio unaletea sisi hiyo maji ya mfereji, nyathina?" yaani mwanangu, na mimi mdomo ulikuwa umejaa chapati, nikaitikia kwa kichwa.

Nilikusudia kumweleza nikishameza kwamba napima njia, si maji, lakini ikaja chapati nyingine, halafu ikaja chai, halafu Awuor akaniuliza nitarudi lini kupima tena, na mambo yakaenda hivyo mpaka tukapendana kabisa, na jagam wetu, yaani mshenga, Mzee Absalom, ameshapeleka maneno kwao na yamepokelewa, maana yake Mama Beldina sasa ni mama mkwe wangu, na sisi Wajaluo hatuchezi na mama mkwe, tunamheshimu kwa mbali, hata kumtazama usoni ni kazi, na kwenye ramani yangu, ambayo imechorwa kubwa ya kutundikwa ukutani, jiko lake na nusu ya hoteli nimezipaka rangi nyekundu, na nyekundu maana yake ni bomoa.

Shangazi, mshindi lazima asimame mbele aielezee ramani kwa kijiti, na mwalimu wangu anasema wakubwa wa mipango ya mji watakuwepo na wameomba nakala, huenda kazi ikaanza kweli. Mama Beldina naye amealika kikundi chake chote cha kina mama wa kanisa, wameshona sare za buluu kwa ajili ya maji, wametunga wimbo wa mfereji, na yeye ametengewa kiti cha mbele. Nilijipa moyo kwamba utafiti uko kwa Kiingereza na kina mama hawatafuata, lakini Awuor amesema ataketi katikati yao awatafsirie kwa Dholuo, neno kwa neno. Yeye mwenyewe hajausoma, maana kila akiniomba namwambia bado uko kwa mpiga chapa.

Nimefikiria kuugua malaria siku hiyo. Nimefikiria kubadilisha ile nyekundu iwe kijani. Rafiki yangu Gordon anasema niharakishe harusi kabla ya sherehe, eti jiko likivunjwa litakuwa limevunjwa na mtu wa nyumbani. Upande wa pili wa njia ni kwa baba yangu mdogo Dalmas, ninakolala na kula, na veranda yake nayo imetokeza, lakini yeye aliniambia mapema, "Hiyo kamba yako isivuke hapa kwangu," kwa hiyo huko sikupima, na hilo si neno. Swali langu ni hili tu: niikatae tuzo nipate mke, au niipokee tuzo nimkose mke? Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Mpimaji,
Manyatta, Kisumu, 1991

SHANGAZI ZEITUNI ANAJIBU:

Mpimaji, nimekuonea huruma, halafu nikacheka, halafu nikakasirika. Pole kwa chapati. Watu wengine hutafuna wakameza. Wewe yako umekaa nayo mdomoni tangu likizo, na kina mama wa kanisa wameshona sare kwa sababu yake.

Kwanza tuondoe ujinga. Malaria ya uongo haitakusaidia, ramani itatundikwa hata ukiwa kitandani. Kijani usithubutu, maana gari la zimamoto halipiti juu ya rangi. Na huyo Gordon asikaribie kabisa kuwa msimamizi wa harusi yako.

Tuzo usiikatae. Moto ule ulikuwa wa kweli, na njia ile naijua, nilipita hapo nikienda kumjulia hali wifi yangu, tena nilipita upandeupande. Ulichokiona ni sawa. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, mwanangu, na kosa lako kubwa si chapati wala maji. Liko pale chini kabisa ulipoandika kwamba si neno. Ni neno. Njia ina pande mbili. Upande mmoja yuko mama aliyekupa chai na binti wa kukushikia tepu, upande wa pili yuko baba mdogo aliyekukataza. Aliyekukaribisha ukampaka nyekundu, aliyekuzuia ukamwacha mweupe. Huo si mpango wa mji, huo ni woga uliochorwa kwa rula, na wakubwa wakiufuata, Mama Beldina atapoteza riziki kwa sababu wewe uliogopa kukosa pa kulala.

Sasa fanya hivi. Leo mwambie Awuor yote, ya maji na ya rangi, na umpe huo utafiti ausome mwenyewe. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, umemshikisha tepu ya kumbomolea mama yake. Kwa Mama Beldina usiende wewe na mdomo wako, tumeshaona unavyofanya kazi. Mila yenu imekupa jagam, basi mtume Mzee Absalom akamwambie kwamba maji hayaji na kwamba jiko limeguswa, kabla hajavaa ile sare.

Kisha rudi na tepu upime kwa Dalmas. Mwombe Awuor akushikie ncha ya pili. Akiishika, una mke. Asipoishika, ifunge kwenye nguzo ya ua upime hivyo hivyo, maana moto hautasubiri mpatane. Kila upande ukitoa kidogo, nadhani jiko litasogea ndani na hoteli itabaki imesimama, na Dalmas atakunywa chai yake kwenye veranda nyembamba. Chora ramani upya, na siku ya sherehe, kabla hujashika kijiti, sema wazi kwamba ile iliyoshinda ilipima upande mmoja tu. Wakiitaka tuzo yao, warudishie. Wakikuachia, utaishika bila kutetemeka.

Na kina mama wasivue buluu zao. Wakubwa wa mji watakuwa wameketi hapo hapo, hawana pa kukimbilia, basi ule wimbo wa mfereji uimbwe wote mpaka mwisho.

Dalmas atakutupia godoro nje, hilo nakuhakikishia. Usijaribu kulala kwa Mama Beldina, mila hairuhusu na mimi pia siruhusu. Nenda kwa Gordon, akuhifadhi kama malipo ya ushauri wake.

Jina lako sijalitaja, ingawa anayezunguka Manyatta na tepu ni wewe peke yako. Lakini usikae ukisubiri ujasiri. Gazeti hili leo linasomwa na kesho linafungia samaki, na sote wawili tunajua samaki wa mtaa wenu wanafungwa kwenye jiko la nani.