Mkoba wa Kamera Chini ya Buibui

Jumamosi, 4 Juni 1955

Wamekubali! Mama Mwatumu kaja mwenyewe asubuhi, hata chai hakungoja. Binti yake anaolewa Jumapili ya tarehe 19, kisha anachukuliwa Tabora huko, na mama anataka abaki na picha. Picha za chumbani kwa bi arusi, ambako mwanamume hakanyagi. Kwa hiyo Hatibu wangu, mpiga picha anayejulikana Ngarenaro nzima, atakaa barazani na wanaume wenzake. Mimi mkewe, niliyefundishwa kwa kuwapiga picha kuku wetu, ndiye nitakayeingia na kamera. Peke yangu!

Ila kuna bibi yake bi arusi, Bi Mwanamkuu. Yeye bado. Nasikia kasema juu yangu: Tunu ni mtoto wetu, aingie, lakini hilo dude lake nitalitazama mlangoni siku hiyo hiyo. Na akikataa yeye, basi tena. Hatibu anacheka. Mimi sicheki.

Jumanne, 7 Juni

Kamera inatafutiwa pa kukaa. Sanduku la mbao la Hatibu silitaki — nikiingia nalo kwa watu wataniuliza kama nahamia. Nikasema kikapu cha ukindu kinatosha. Leo tumekijaribu, tumekwenda nacho Usa River kwa shangazi yake. Balbu mbili za flashi zimepasuka njiani, na vumbi limejaa mpaka kwenye mikunjo ya kamera. Hatibu akakaa anaipuliza taratibu. Afadhali angenisema!

Ijumaa, 10 Juni

Kwa fundi Balbir, yule Singasinga anayeshona matandiko ya farasi wa Wazungu wa mashamba. Hatibu anataka mkoba mkubwa, uchukue kila kitu mpaka stendi ya miguu mitatu. Mimi nataka mdogo, ukae ubavuni chini ya buibui, ufunguke kwa juu, kwa mkono mmoja. Tumebishana pale dukani mpaka fundi akaagiza chai. Kisha akaniambia nisimame, nitembee, niiname, nikae chini kama nakaa mkekani. Mkoba, mama, akasema, anapimwa mtu kwanza, kamera baadaye.

Nimeshinda! Stendi inabaki nyumbani. Ndani vyumba vitatu: kamera, filamu, balbu, vyote vitandikwe blanketi. Mkanda mpana, usinikate bega. Hatibu kanuna mpaka darajani, halafu akaninunulia karanga.

Jumatano, 15 Juni

Mkoba umekuja. Mzuri jamani! Nimeruka nao uani, hakuna kinachogonga. Nimevaa buibui nikazunguka mbele ya Hatibu, akasema haoni kitu ila mkewe tu.

Lakini harufu! Ngozi bado inanuka ng'ombe. Niende nayo chumbani kwa bi arusi, penye asumini na marashi? Bi Mwanamkuu atanirudisha kabla sijavua viatu.

Alhamisi, 16 Juni

Nina akili mimi! Leo nilikuwa nafukiza nguo zangu za arusini. Nikaitoa kamera, nikaufungua mkoba mdomo wazi, nikauinamisha juu ya chetezo. Udi wote uliobaki nikautia. Mkoba ukanywa moshi ukashiba. Ng'ombe kwisha! Nikairudisha kamera ndani, nikafunga vifungo, nikaenda sokoni najisifu njia nzima.

Ijumaa, 17 Juni

Sina akili.

Hatibu kaifungua kamera, kaipeleka dirishani, kaigeuza, kainusa. Tunu, umeifukiza kamera? Mkoba tu, nikasema, kamera niliitoa! Kumbe moshi ulikuwa bado umo kwenye blanketi. Nimeufungia pamoja na kamera. Lenzi imefanya utando, kama dirisha letu asubuhi za ukungu wa Meru.

Nikalia. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Nikamtupia kandambili. Kisha akachana kanzu yake ya zamani, ile laini aliyoniolea, akakaa anafuta, anafuta. Nampenda sana mtu huyu, basi tu simwambii. Kioo cha mbele kimetakata. Cha ndani hana hakika, na filamu ya kujaribia hatuna.

Jumamosi, 18 Juni

Baridi, jua hakuna. Mkoba umetundikwa uani tangu alfajiri na bado unanukia. Hatibu anasema tuchukue kikapu. Sikubali, balbu zilizobaki ni chache. Blanketi nimelifua, nimelikausha kwa pasi, na kamera nimeivisha soksi mpya ya Hatibu. Ya kwenda kazini.

Jumapili, 19 Juni, nyumbani kwa bi arusi

Naandika mkekani, kwa penseli.

Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni, kwenye kiti. Shikamoo, Bibi. Marahaba, lete hicho. Akaupakata mkoba, akahangaika na vifungo, akatia pua ndani. Akakaa hivyo hivyo. Nikajua nimekwisha.

Nani kafukiza? Mimi, Bibi. Akasema mama yake, Pangani, alikuwa akiwafukizia hivi kila Ijumaa, na tangu ahamie huku bara hajanusa kitu kilichoshiba udi namna hii. Kisha akaiona soksi. Hiki nacho kinaona baridi? Akacheka, akaingia na mkoba wangu chumbani. Nikabaki mikono mitupu.

Sasa Mama Mwatumu kaja mbio. Picha ya kwanza anaitaka Bibi mwenyewe! Bibi, ambaye hajapigwa picha maisha yake yote. Anavalishwa kanga mpya, ndiyo maana nimepata nafasi hii. Kamera kanirudishia. Mkoba hautoi, anataka aonekane nao mapajani.

Kioo cha mbele nimekifuta tena kwa pindo la kanga. Cha ndani Mungu anajua. Wananiita. Bibi anauliza atazame wapi, kwenye hilo jicho au kwangu.

Nimemwambia anitazame mimi.